Kanda la Usufi: Namna Colts Walivyomchakaza Andrew Luck

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, katika uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis, mechi ya maandalizi ya msimu dhidi ya Chicago Bears ilikuwa ikielekea ukingoni pale habari ilipoanza kupita kutoka simu hadi simu majukwaani: Andrew Luck, nyota wa Indianapolis Colts katika NFL, ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, aliyekuwa amesimama pembeni mwa uwanja bila sare ya kuchezea, ameamua kustaafu. Alikuwa na umri wa miaka 29. Alipokuwa akitoka kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo, sehemu ya mashabiki waliokuwa wakiliimba jina lake kwa miaka saba ilimzomea. Muda mfupi baadaye alikaa mbele ya waandishi wa habari, macho yamemwiva, akaeleza kwamba kwa miaka minne alikuwa amenaswa katika mzunguko wa kuumia, kupata maumivu na kutibiwa, na kwamba mzunguko huo ulikuwa umemnyang'anya furaha ya mchezo.

Tangu usiku ule kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kama kisa cha mtu mmoja na mwili wake. Wapo wanaosema alikuwa na bahati mbaya, wapo wanaosema alikosa uvumilivu, na wapo wanaomsifu kwa ujasiri wa kujali afya yake kuliko fedha. Masimulizi yote matatu yana kasoro ileile, nayo ni kuiacha timu pembeni kana kwamba ilikuwa mtazamaji tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliyesimama kando huuona mwepesi. Kwa miaka mitano uongozi wa Indianapolis Colts uliutazama mzigo wa Luck kwa jicho hilo, na kilichouwezesha kuutazama hivyo, jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mkasa wote, ni ushindi wake mwenyewe.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda yetu, inafaa kueleza kwanza nafasi aliyoicheza. Katika mchezo wa Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua uende wapi. Mbele yake husimama ukuta wa watu watano wenye miili mikubwa, ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani kwa sekunde mbili au tatu ili yeye apate kuangalia na kurusha. Ukuta ukivunjika, wanaume wenye uzito wa kilo 120 na zaidi humfikia wakiwa katika mwendo wa kasi, tena kwa ruhusa kamili ya sheria. Akiangushwa kabla hajaurusha mpira, tukio hilo huhesabiwa kwenye takwimu na huitwa saki. Yasiyozungumzwa sana ni yale mapigo mengine anayoyapata sekunde moja baada ya kuuachia mpira, ambayo ni mengi zaidi, nayo yanauma vilevile.

Luck aliingia Indianapolis mwaka 2012 akiwa chaguo la kwanza kabisa katika drafti, yaani ule ugawaji wa wachezaji chipukizi kutoka vyuo vikuu ambapo timu iliyofanya vibaya zaidi hupewa nafasi ya kuchagua mwanzo. Colts walikuwa wameipata nafasi hiyo kwa njia ya uchungu. Peyton Manning, mchezaji mkubwa kuliko wote katika historia yao mjini humo, aliukosa msimu wote wa 2011 kwa matatizo ya shingo, na timu bila yeye ikashinda mechi mbili na kupoteza 14. Machi 2012 wakamwacha aende zake. Timu iliyokuwa imetoka kushuhudia namna mwili wa mtu mmoja unavyoweza kuuangusha mradi mzima ndiyo hiyo iliyokabidhiwa kijana wa Stanford, mhitimu wa usanifu majengo, ambaye wachambuzi walikubaliana kwamba kwotabeki wa kiwango chake hutokea mara moja kwa kizazi.

Akaanza kushinda papo hapo. Mechi 11 msimu wa 2012, mechi 11 msimu wa 2013, mechi 11 tena msimu wa 2014, na kila msimu akapiga hatua moja zaidi katika mtoano: wa kwanza akaondoka mapema, wa pili akafika raundi iliyofuata, wa tatu akamshinda Manning mwenyewe kule Denver na kufika fainali ya kanda, ambako New England waliwafunga 45 kwa 7. Ukiyatazama matokeo peke yake utaona timu inayojengwa vizuri. Ukizitazama saki utaona kitu kingine: 41 msimu wa kwanza, 32 wa pili, 27 wa tatu, jumla 100 kamili kabla hajamaliza mwaka wake wa tatu kazini.

Mechi inayoeleza hali hiyo vizuri kuliko zote ni ile ya mtoano ya Januari 2014 dhidi ya Kansas City Chiefs. Colts walikuwa nyuma kwa 38 dhidi ya 10 katika kipindi cha pili, wakarudi na kushinda 45 kwa 44. Katikati ya ufufuko huo mbebaji mpira wao aliuangusha mpira karibu na mstari wa mwisho, ukamgonga mchezaji wa safu ya mbele, ukamrukia Luck, naye akaudaka, akajitupa hewani katikati ya lundo la watu na kufunga. Nchi nzima ilishangilia. Ilikuwa haki kushangilia, kwa kuwa ni moja ya matukio mazuri kabisa yaliyowahi kuonekana katika mchezo huo. Lakini meneja makini angejiuliza kwa nini mchezaji wa thamani kuliko wote aliokuwa nao alilazimika kuokota makosa ya wenzake na kuyapeleka golini kwa kifua chake.

Swali hilo halikuulizwa, au kama liliulizwa, majibu hayakuonekana katika maamuzi. Ryan Grigson, meneja mkuu wa wakati huo, alikuwa na nafasi za raundi ya kwanza ya drafti, ambazo ndizo mali yenye thamani kubwa kuliko zote kwa timu inayojijenga. Ile ya 2013 aliitumia kumchukua Björn Werner, mshambuliaji wa kwotabeki za wapinzani, ambaye hakudumu. Ile ya 2014 aliwapa Cleveland, Septemba 2013, ili ampate mbebaji mpira Trent Richardson, ambaye katika msimu wake wa kwanza Indianapolis alipata wastani wa yadi 2.9 kila aliposhika mpira. Kiwango hicho ni kidogo kiasi kwamba timu ingepata karibu hivyohivyo kwa kumkabidhi mtu yeyote mwenye miguu miwili. Ile ya 2015 alimchukua Phillip Dorsett, mpokeaji wa pembeni, katika timu ambayo tayari ilikuwa na mpokeaji hodari, T.Y. Hilton. Ilipofika 2016 ndipo raundi ya kwanza ikatumika kwa ukuta, akachaguliwa Ryan Kelly wa katikati. Hapo Luck alikuwa amekwisha kuumia bega, figo na tumbo.

Ni lazima niwe mwadilifu hapa. Grigson hakuusahau ukuta kabisa. Alimsajili Gosder Cherilus kwa fedha nyingi mwaka 2013, akamchukua Jack Mewhort raundi ya pili mwaka 2014, na akajaribu wengine katika raundi za chini, baadhi yao wakaangushwa na majeraha. Ubishi wangu hauhusu kama alijaribu, unahusu uzito alioupa jambo hilo. Mtu huonyesha anachokithamini pale anapotumia kilicho adimu, na kilichokuwa adimu kwake alikitumia kwengine mara tatu mfululizo.

Sababu ya uchaguzi huo, kwa maoni yangu, ilianzia juu zaidi ya meneja. Mwaka 2013 mmiliki, marehemu Jim Irsay, alilieleza hadharani gazeti la USA Today kwamba enzi ya Manning ilikuwa imejaa takwimu za kupendeza lakini ikaleta ubingwa mmoja tu, na kwamba safari hii walikusudia kuijenga timu kwa namna nyingine, yenye uwiano. Wazo hilo lina mantiki likisimama peke yake. Lilipofika uwanjani likageuka kuwa hamu ya kukimbiza mpira kwa nguvu kupitia katikati nyuma ya ukuta usioweza kumsogeza mtu, kisha, hali ikishaharibika na dakika zikiwa zimebaki chache, kumkabidhi Luck mpira na kumwambia atuokoe. Kwotabeki anayerusha wakati ambao kila mpinzani uwanjani anajua kwamba lazima arushe ndiye hupigwa kuliko wote.

Hapo ndipo ushindi ulipomponza. Laiti Colts wangepoteza mechi kumi katika msimu wa 2013, kazi ya meneja ingekuwa hatarini, ukuta ungelaumiwa na mabadiliko yangefanyika. Luck aliwanyima fedheha hiyo. Kila alipoibadilisha mechi iliyokwisha kupotea kuwa ushindi, alikuwa pia akiwaandikia wakubwa wake cheti cha kazi nzuri. Udhaifu ulifichwa na kipaji, na kipaji kikaendelea kulipa gharama ya udhaifu uleule kiliouficha.

Malipo yalidaiwa mwaka 2015. Mwishoni mwa Septemba, kule Tennessee, aliumia bega la mkono wa kulia, yaani mkono wake wa kurushia. Alikosa mechi mbili, ambazo mbadala wake, Matt Hasselbeck mwenye umri wa miaka 40, alizishinda zote, kisha akarudishwa uwanjani bega likiwa halijapona. Tarehe 8 Novemba, akiwaongoza wenzake kuifunga Denver ambayo haikuwa imepoteza mechi yoyote, alipigwa katika robo ya mwisho na figo yake ikachanika, pamoja na msuli wa tumbo. Akaimaliza mechi hiyo, tena kwa ushindi. Msimu wake uliishia hapo, akiwa amecheza mara saba.

Juni 2016 timu ilimpa mkataba mpya wa miaka sita wenye thamani ya hadi dola milioni 140, ambao kwa wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wowote katika historia ya NFL. Wapo wanaolitumia jambo hili kufunga mjadala: mtu alilipwa vizuri, basi alie nini? Hoja hiyo huidhuru timu kuliko inavyoitetea. Mwenye gari la bei kubwa kuliko yote mtaani hatarajiwi kulipitisha kwenye mawe kwa sababu tu alilinunua kwa fedha nyingi. Kadiri bei ilivyopanda ndivyo wajibu wa kumlinda ulivyopaswa kupanda, ila msimu uliofuata aliangushwa tena mara 41, huku akicheza kwa bega lile lile bovu na kupunguziwa mazoezi ya katikati ya wiki ili aweze kurusha siku ya mechi. Timu ikamaliza na ushindi wa mechi nane na vipigo vinane.

Januari 2017 bega likafanyiwa upasuaji, Grigson akafukuzwa kazi, na Chris Ballard akachukua nafasi yake. Kilichofuata sioni haki kukiita uzembe, ila naona ni kushindwa kusema ukweli ulionyooka. Mmiliki alitangaza kwamba Luck angekuwa tayari msimu ukianza. Msimu ulianza bila yeye. Oktoba akaanza kurusha mazoezini, maumivu yakarudi, akadungwa sindano, akasimamishwa, na mwanzoni mwa Novemba ikatangazwa kwamba hatacheza tena mwaka huo. Akasafiri hadi Uholanzi kutafuta matibabu. Mashabiki waliokuwa wakiambiwa kila mwezi kwamba mwezi ujao atarudi walijifunza kumwona kama mtu anayechelewa bila sababu, na naamini sehemu ya zile kelele za 2019 ilipandwa wakati huo.

Kuna kichekesho kichungu katika msimu ule wa 2017. Mechi ya kwanza bila Luck walifungwa 46 kwa 9 na Los Angeles Rams. Siku chache kabla ya hapo, walipong'amua kwamba hawana mbadala wa kuaminika, walikuwa wamemchukua Jacoby Brissett kutoka New England, na waliyemtoa kama malipo ni Phillip Dorsett, yule mpokeaji wa raundi ya kwanza. Nafasi ambayo ingeweza kumnunulia Luck mlinzi mwaka 2015 iliishia kununua mtu wa kushika nafasi yake alipokuwa akiuguza bega.

Msimu huohuo unalijibu dai moja ambalo lina ukweli ndani yake. Wanaomlaumu Luck husema alikaa na mpira mkononi muda mrefu mno, alipenda mapambano, na alichelewa kujilaza chini alipokimbia. Ni kweli, alikuwa mtu wa kuwapongeza wapinzani kwa kumpiga vizuri, tabia iliyowashangaza hao waliompiga. Kocha alipaswa kumkanya kwa ukali zaidi. Ila Brissett, mwenye tabia na mtindo tofauti, aliposimama nyuma ya ukuta uleule mwaka 2017 aliangushwa mara 52. Kwotabeki alibadilika, saki zikaongezeka.

Halafu ukaja mwaka 2018, ambao mimi huuona kama ushahidi uliotolewa na mshitakiwa mwenyewe. Ballard aliuza nafasi ya tatu ya drafti kwa New York Jets, akashuka hadi ya sita na kupata nafasi nyingine juu yake. Kwa ile ya sita akamchukua Quenton Nelson, gadi, yaani mmoja wa walinzi wa ukuta, kutoka chuo cha Notre Dame, na kwa mojawapo ya zile alizoongezewa akamchukua Braden Smith, naye wa ukuta. Kocha mpya, Frank Reich, akatunga mashambulizi ya pasi za harakaharaka. Luck, baada ya mwaka mzima nje, aliangushwa mara 18 tu katika mechi 16, akapitisha mechi tano mfululizo bila hata saki moja, akarusha pasi 39 za kufunga na kutajwa mchezaji bora aliyerejea kutoka majeruhi. Timu iliyoanza kwa ushindi mmoja na vipigo vitano ikamaliza na ushindi wa mechi kumi na kuingia mtoano. Hakuna sayansi mpya iliyogunduliwa kati ya 2013 na 2018. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliamua kuwachagua walinzi kwanza.

Dawa ilifika mgonjwa akiwa amekwisha kuchoka. Masika ya 2019 alipata maumivu ya shavu la mguu, na maelezo yakaanza tena kuyumba: mara ni msuli, mara ni kifundo, mara mmiliki akazungumza redioni kuhusu kifupa kidogo. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jeraha la kawaida la kusubiri wiki sita. Kwa aliyekuwa ameishi miaka minne akisubiri wiki sita zinazogeuka miezi, lilikuwa kumbukumbu iliyorudi. Aliondoka akiwa amecheza mechi 86 za msimu wa kawaida, ameshinda 53, na ameangushwa mara 174. Timu ilikuwa na haki ya kisheria ya kumdai karibu dola milioni 25 za malipo ya awali, na Irsay hakumdai. Nalitaja kwa sababu ni tendo la heshima, na kwa sababu linaonyesha kwamba waliokuwa ndani walifahamu ni nani anayemdai nani.

Inafaa kumkumbuka Robert Griffin, kwotabeki mwingine, aliyechaguliwa wa pili nyuma ya Luck siku ileile ya 26 Aprili 2012. Washington walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili ili wampate, naye akawa mchezaji bora kati ya chipukizi wa upande wa mashambulizi. Januari 2013 walimwacha aendelee kucheza mechi ya mtoano dhidi ya Seattle huku akichechemea mbele ya macho ya taifa zima, mpaka goti likakatika. Kisa cha Griffin kilizua hasira mara moja kwa kuwa kilitokea usiku mmoja na kila mtu alikiona. Cha Luck kilitokea kidogokidogo, saki baada ya saki, mingi kati ya misimu yake ikiisha kwa furaha, kwa hiyo hapakuwa na usiku wa kukasirika.

Colts wamekuwa wakihangaika tangu hapo. Brissett, Philip Rivers, Carson Wentz, Matt Ryan, Anthony Richardson na Daniel Jones ni baadhi tu ya walioijaribu nafasi ile, kila mmoja akija na matumaini yake na kuondoka, kuwekwa benchi au kuumia kwa sababu zake. Novemba 2024 Luck alirudi Stanford kama meneja mkuu wa timu ya chuo, kazi ambayo ndani yake kuna kuamua nani asimame mbele ya kwotabeki. Na Desemba 2025, Jones alipokatika kano ya kisigino, uongozi wa Indianapolis ulimpigia simu Rivers, mwenye miaka 44, ambaye hakuwa amecheza tangu Januari 2021, akakubali, akavaa kofia ngumu na kwenda kusimama nyuma ya ukuta ambao ndani yake bado alikuwamo Quenton Nelson.